Kifaransa Hakinywewi

Shemeji yake alipomaliza kusema, Mwanvua aliendelea kutwanga. Hakuongeza nguvu wala hakupunguza. Sombe, yale majani ya muhogo, ilikuwa inahitaji kutwangwa, na maneno ya Atumani hayakuhitaji kitu. Yalikuwa yamejitosheleza, kama mwenyewe alivyojitosheleza na ile kofia mpya aliyorudi nayo kutoka Kabambare.

"Minasema jina tu," Atumani akarudia. "Wataandika Marcelline kwa kitabu yao, mutoto atasoma, jioni atarudi hapa na ataitwa Faida vilevile. Jina ni nguo, shemeji."

"Nguo mutu anajivua mwenyewe," Mwanvua akajibu. "Hii wanamuvua wao."

Faida, mtoto aliyekuwa akizungumziwa, alikuwa amechuchumaa pembeni akichambua mchele. Alikuwa na miaka saba. Baba yake, Ramazani, alikufa kwa homa mwaka juzi huko Kabambare alikokuwa akipeleka vitambaa, na tangu siku hiyo Atumani, mdogo wake marehemu, ndiye aliyekuwa mlezi wa mtoto mbele ya serikali ya Wabelgiji. Jina la Faida lilikuwa la bibi yake, yaani mama yake Ramazani na mama yake huyu huyu Atumani. Ndiyo maana Mwanvua alikasirika. Mtu anauza jina la mama yake mzazi huku anakula karanga.

Lakini tuseme kweli, Atumani hakuwa mtu mbaya. Shule iliyofika mpaka Kifaransa pale Kasongo ilikuwa moja, ya mapadri, na ilimtaka mtoto wa Kiislamu apokee kwanza maji ya kichwani na jina jipya. Mwenye kukataa alibaki na chuo cha msikitini, na chuoni mtoto alijua Kurani vizuri sana, ila karatasi ya Mzungu ikija nyumbani aliitazama tu kama wazee wake.

"Pale Kabambare nilisimama mbele ya karatasi kama mbuzi mbele ya musikiti," Atumani akasema, na safari hii sauti ilishuka. "Karani anasoma vile anataka, mimi ninaitika tu. Tunataka mutu yetu mumoja mwenye kusoma. Mumoja tu."

Kwa hilo alikuwa na haki, na ndilo lililomuudhi Mwanvua kuliko yote. Akaacha mchi kinuni.

"Nipe mupaka soko ya pamba inaisha. Nitamufundisha mimi, hapa kwa huu mukeka."

"Weye? Kifaransa unajua?"

"Sijui."

"Basi?"

"Kutwanga nilizaliwa ninajua?"

Atumani akacheka mpaka akapaliwa na karanga. Wakakubaliana hivi: soko la pamba likiisha, watakwenda wote watatu kwenye bureau ya territoire, ofisi ya Mzungu mkuu wa wilaya, kwa karani Théophile. Théophile atampa mtoto karatasi ya Kifaransa. Akiisoma, atabaki kwa mama yake na jina lake. Akishindwa, Atumani atatia kidole kwenye wino na Faida ataamka kesho yake akiitwa Marcelline. Ilikuwa miezi mitatu na siku chache. Mwanvua akarudi kwenye sombe yake, na majirani wanasema siku ile ilitwangwa mpaka ikawa unga.

Kusema utafundisha ni rahisi. Asubuhi yake Mwanvua alitandika mkeka, akamkalisha mtoto, kisha akagundua kwamba hana kitu cha kuweka juu yake.

Wa kwanza kuleta msaada alikuwa Mathilde, jirani yake, Mkristo wa kabila la Wazimba na rafiki yake wa siku nyingi. Mathilde alileta katekisimu ya Kifaransa iliyofunikwa kwa kitambaa, mali ya binti yake aliyeko shuleni. Akaisifu. Maneno yalikuwa yamepangwa vizuri, swali na jibu, swali na jibu, na mtoto alikuwa anashika upesi. Mwanvua aliipokea kwa mikono miwili, akaomba kusikia ukurasa mmoja, ule ambao Mathilde aliushika kwa kusikia tu kanisani, na kuelezwa maana yake, akasikiliza mpaka mwisho.

"Dada, kitabu yako iko muzuri," akasema. "Lakini inauliza yenyewe na inajijibu yenyewe. Mutoto yangu atasema saa gani?"

Mathilde akacheka, akakifunika kitabu chake, hakukasirika. Walikuwa wamezikiana waume wa dada zao, hawakuweza kugombana kwa ajili ya karatasi.

Cha pili alikiona mwenyewe. Dukani kwa Mgiriki, sabuni ilifungwa kwa kurasa za kitabu kikubwa chenye picha, orodha ya vitu vya duka moja la Ulaya. Kila kitu kilichorwa, na chini yake jina lake kwa herufi nene. Mwanvua aliitazama karatasi ya sabuni njia nzima. Kesho yake alirudi na kuku, akatoka na kitabu chote kilichobaki, kuanzia ukurasa wa viatu hadi ukurasa wa majiko. Mgiriki alidhani mama huyu anafungua duka.

Cha tatu kilikuwa ndani ya nyumba, kimetundikwa ukutani: ubao wa chuo alioutumia Ramazani utotoni, mweusi kwa miaka, laini kama kisigino cha mtoto. Mwanvua alikaanga mchele mpaka ukaungua, akausaga, akautia maji na utomvu, akapata wino. Akachonga kalamu ya tete. Herufi za Kiarabu alizijua. Alisoma chuoni mpaka alipoolewa. Za Kizungu zilikuwa zinakwenda njia ya kinyume, kutoka kushoto, na hilo halikumtisha. Hata kinyonga hutembea apendavyo, na hufika.

Hapo sasa likaja jambo la maji. Chuoni, mtoto akimaliza somo, ubao unaoshwa kwenye bakuli na maji yale hayamwagwi ovyo. Ni maneno ya Mungu, mtoto anayanywa yakae ndani. Siku ya kwanza Faida aliposhika maandishi ya viatu kwa Kifaransa, aliosha ubao kwa adabu zote na kuinua bakuli mdomoni.

"Acha," Mwanvua akasema. "Kifaransa hakinywewi."

"Nitamwaga wapi, mama?"

"Njiani. Pale watu wanapita."

Bibi wa jirani, aliyekuwa akichungulia kila kitu, alisema huo ulikuwa uamuzi wa busara. Maneno ya Mzungu yakanyagwe kidogo, yamekuwa yakitukanyaga sisi. Hata hivyo siku ya nne Faida alionekana na midomo myeusi. Alikuwa amekunywa jiko, pamoja na makaa yake. Mwanvua alimgombeza kwa mdomo, huku tumbo linamcheza kwa kicheko.

Kilichobaki kilikuwa sauti. Picha inaonyesha, herufi inasimama, lakini hakuna inayosema. Mwanvua alihitaji kinywa, na kinywa cha karibu kilikuwa cha Hippolyte, mume wa Mathilde, mpishi wa Mzungu wa territoire kwa miaka sita. Alikuwa amesoma miaka miwili ya mwanzo shuleni, herufi anazijua, na Kifaransa kilimtoka kama maji ya mtungi uliopasuka.

Mzungu mwenyewe, watu wa Kasongo walikuwa wamempa jina, kama walivyowapa wote, bila yeye kujua. Walimwita Bwana Anza-Tena. Ungepita chini ya baraza la bureau saa yoyote ya mchana ungemsikia akikohoa, kisha akimwambia karani wake neno moja: "Recommencez." Maana yake, anza tena. Théophile alikuwa na hati nzuri na mashine ya kuandikia, lakini alianza tena mara sita kwa siku. Hippolyte alikuwa akipeleka kahawa, akarudi na neno hilo nyumbani.

Mwanvua alipomwomba awe kinywa cha mtoto, Hippolyte alikubali. Kila mchana Mzungu akilala, alipita kwa Mwanvua, akakaa kwenye kibao, akamsomea Faida picha moja moja. Mtoto akashika kila neno. Akashika na sauti. Akashika mpaka kikohozi. Wiki tatu hazijapita, Faida alimwambia kuku aliyekanyaga mkeka, kwa Kifaransa na kwa sauti nzito ya Mzungu wa makamo, atoke upesi na asirudi. Kuku akatoka.

Mwanvua alimtazama Hippolyte. Hippolyte akatazama miguu yake.

"Unamufundisha kusalimia?" Mwanvua akauliza. "Kuomba? Kusema asante?"

Hippolyte akakigeuza kibao chake, akakikalia tena. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi mbili tatu, na aibu ilimkaa usoni.

"Mama ya Faida, yale maneno sina," akasema mwishowe. "Miaka sita niko kwa ile nyumba, hakuna siku walinisemesha vile. Minajua leta, minajua ondoa, minajua hii ni mubaya, anza tena. Njo Kifaransa yangu yote. Ukitaka mwalimu mwingine sitakasirika."

Mwanvua alisikia uchungu, na uchungu wake haukuwa wa mtoto, ulikuwa wa yule mwanamume aliyelishwa ukali miaka sita na bado anapika vizuri. Mwalimu mwingine hakuwepo, lakini hata angekuwepo asingemchukua.

"Mufundishe hayo hayo," akasema. "Kama wao wanayasema, na yeye atayasema."

Basi ikawa hivyo. Faida alijua koti la baridi, viatu vya theluji, birika na kitanda cha chuma, vitu ambavyo Kasongo hakuna aliyewahi kuviona isipokuwa birika. Muhogo hakuujua kwa Kifaransa, wala sombe, kwa sababu duka la Ulaya halikuuza. Lakini alipofumbua mdomo, watu waliokuwa wakipita njiani walisimama wima kabla hawajafikiri.

Soko la pamba likaisha. Siku ya siku, Mwanvua alimvalisha mtoto gauni safi, akampaka mafuta, wakamfuata Atumani mpaka bureau. Atumani alikuwa amevaa kanzu na ile kofia.

Théophile aliwapokea barazani, nje ya chumba cha Mzungu, kwenye meza yake yenye mashine. Alikuwa kijana wa tai na viatu vilivyong'aa, na haraka ya mtu ambaye kazi yake imekwisha kabla haijaanza. Karatasi ya shule ilikuwa tayari ndani ya mashine, imeshapigwa chapa, ikisubiri kidole cha Atumani tu. Mwanvua aliiona. Hawakungoja hata mtoto ajaribu.

"Asome hii," Théophile akasema, akachomoa barua moja kwenye rundo.

Faida akaishika kwa mikono miwili. Akaitazama. Akaigeuza kidogo. Mwanvua, aliyesimama nyuma yake, akachungulia. Ile barua iliandikwa kwa mkono. Herufi zilikuwa zimeshikana mikia, zimeinama, zimekimbizana mstari mzima kama siafu, na hakuna hata moja iliyofanana na zile nene za chini ya picha. Miezi mitatu yote hakuwahi kufikiri kwamba Wazungu wana maandishi mawili. Kwake yeye, herufi za Kurani iliyopigwa chapa na za ubaoni zilikuwa ndugu, anayeijua moja anaijua nyingine. Alichagua kitabu, akachagua wino, akachagua kinywa, na hili moja halikumjia. Alitamani kujipiga.

"Mutoto hawezi," Théophile akasema, bila ubaya. "Hata wa shule yetu hii inawasumbua mwaka wa kwanza. Baba Atumani, karibu kidole."

"Ngoja," Mwanvua akasema.

"Mama, tulisema karatasi ya Kifaransa."

"Tulisema karatasi. Hatukusema gani. Na ile umeandika kwa mashine si Kifaransa?"

Théophile akafungua mdomo, akamtazama Atumani. Atumani alikuwa ameshanyoosha kidole, kikabaki hewani. Hakuitikia, lakini hakukataa. Faida hakungoja ruhusa ya mtu. Alisogea kwenye mashine, akasimama kwa vidole vya miguu, na hapo akaziona herufi zake, zimesimama moja moja, wima, kama zilivyosimama chini ya viatu na majiko. Akaanza kusoma kwa sauti.

Alisoma polepole, akifuata kwa kidole. Maneno mengine hakuyajua, akayatamka tu. Lakini alisoma jina la baba: Ramazani, na akatulia kidogo. Alisoma jina la mlezi: Atumani. Akarudi juu, mahali pa jina la mtoto, akasoma: Marcelline. Akalisoma tena. Akakunja uso. Kisha akajinyoosha, akakohoa kile kikohozi, na akasema kwa sauti iliyojaza baraza lote:

"C'est mauvais. Recommencez."

Hii ni mbaya. Anza tena. Ilikuwa sauti yenyewe, uzito wenyewe, na kile kikohozi kidogo cha mwanzo. Na karani Théophile, tai na viatu na yote, aliruka kutoka kitini, akachomoa karatasi kwenye mashine kwa pupa, akaitupa, akaingiza nyingine mpya, akainamisha kichwa, vidole tayari. Ndipo akakumbuka kutazama ni nani aliyemwamuru. Mbele yake alikuwa mtoto wa miaka saba mwenye mafuta usoni.

Hakuna aliyecheka. Mlango wa ndani ulikuwa umefunguka na Bwana Anza-Tena amesimama pale, kikombe mkononi. Alikuwa amejisikia mwenyewe akisema barazani wakati yuko ndani. Nyuma yake, na birika, alisimama Hippolyte, na uso wa Hippolyte ulikuwa wa rangi ya majivu.

Mzungu akauliza, Théophile akageuza kwa Kiswahili kwa sauti nyembamba: "Bwana anauliza ni nani alimufundisha huyu mutoto kusema vile."

Faida akainua mkono kuonyesha. Mwanvua akaukamata kabla haujafika kokote, akaushusha. Alijua mpishi atafukuzwa, na fimbo ilikuwa bado inatembea siku zile. Akasogea mbele mpaka kati ya mtoto na Mzungu.

"Mwambie ni mimi."

"Anasema ulijifunza wapi."

"Hapa chini ya baraza yake. Anasema kwa nguvu, njia yote inasikia."

Théophile aligeuza maneno, na kwa heshima yake lazima isemwe kwamba hakupunguza hata moja. Mzungu akasema kitu kirefu.

"Anasema kufundisha bila ruhusa ni kosa. Akisikia kuko watoto wawili kwa mukeka yako, ile ni shule, ataifunga, na weye pamoja."

"Hawa ni wawili?" Mwanvua akauliza, akimwonyesha Faida. "Mwambie ninamufundisha kusema mutoto nilizaa. Ile ruhusa mama anaomba kwa nani?"

Bwana Anza-Tena alimtazama Mwanvua, akamtazama mtoto, akaitazama karatasi tupu ndani ya mashine. Alikohoa, na Faida, Mungu amsamehe, naye akakohoa. Mzungu akarudi ndani na kikombe chake. Alisema neno moja tu kwa karani akiwa mlangoni, na safari hii halikuhitaji kugeuzwa.

Théophile akakaa. Akafuta jasho. "Basi tunaanza tena," akasema. "Baba Atumani, niandike jina gani? Mujue tu, kwa jina ingine shule haitamupokea."

Atumani aliangalia karatasi, akamwangalia mtoto wa kaka yake. Kidole chake kilikuwa bado kimenyooshwa, akakikunja. Alivua ile kofia ya Kabambare, akaishika mkononi.

"Amesoma jina yangu," akamwambia Mwanvua kwa sauti ya chini. "Umesikia? Amesoma Atumani."

"Nimesikia, shemeji."

"Andika Faida," Atumani akamwambia karani. "Faida binti Ramazani. Njo jina ya mama yangu. Andika anabaki kwa mama yake."

Walipewa nakala. Mlango wa shule ulikuwa umefungwa kwa mtoto tangu siku ile, na Mwanvua alilijua hilo vizuri. Njia nzima alikuwa akiwaza atapata wapi mtu wa kumwonyesha mtoto zile herufi zenye mikia. Labda binti wa Mathilde. Labda Théophile mwenyewe, maana alipowaaga alimpa Faida ile barua ya mkono, akasema aende nayo, nakala yake anayo.

Nyumbani, Faida alishusha ubao wa baba yake kabla hata ya kula. Akachovya kalamu. Alinakili kutoka kwenye karatasi ya mashine, kuanzia kushoto, herufi moja moja, ulimi nje ya mdomo, mpaka jina lake lote likakaa juu ya ubao, na la baba yake likifuata. Mwanvua alilitazama. Hakuwahi kuliona likiandikwa kwa herufi zile, na lilikuwa ni lile lile.

Wino ulipokauka, mtoto akaleta bakuli na maji, akaosha ubao taratibu, hakuacha alama. Akasimama, akashika bakuli kuelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwaga njiani, mama."

"Hapana," Mwanvua akasema. "Hiyo kunywa."

Faida akamtazama kuona kama ni mzaha. Halafu akaketi kwenye mkeka, akasema bismillahi, akanywa yote.